Barazani kwa Wazee: Pasi Isiyoamka Mapema

Sisi wastaafu huamka alfajiri, lakini pasi zetu za wazee haziamki kabla ya saa tatu asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Ndiyo sheria ya mabasi ya London tangu mwaka 2020. Kwa hiyo kituo cha basi cha Peckham kimegeuka baraza letu. Hapo husimuliwa magoti, sukari, na meno yaliyosahauliwa ndani ya bilauri.

Juzi mwenzetu mmoja, aishiye peke yake, hakutokea. Simu hakupokea. Tukaliacha basi nambari 12 lipite, tukaenda kumgongea mlango. Akafungua amenuna, ndevu zimejaa hina: “Hamwezi kungoja ikauke?”

Siku hiyo hakuna aliyechukia kufokewa.