Mzazi Hahitaji Kujua Jibu

Tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, imani moja imeota mizizi mijini na vijijini: kwamba mzazi ambaye hakusoma sana hana la kumsaidia mtoto aliyerudi na kazi ya nyumbani. Kwa hiyo aliyesoma humfanyia mtoto kazi, mwenye pesa hulipia masomo ya jioni, na asiye na hiki wala kile hukaa pembeni akijilaumu. Imani hiyo ni potofu, na wanaoumia ni watoto.

Kazi ya nyumbani humwonyesha mwalimu nani ameelewa somo na nani bado. Mzazi akiifanya, mwalimu husahihisha kazi ya mtu mzima, kisha huendelea na mada nyingine akidhani darasa zima liko naye. Wala bidii ya mzazi pekee haitoshi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia wanafunzi wa madarasa mawili ya mwanzo nchini Marekani, ulionyesha kuwa watoto wa wazazi wanaoogopa hesabu walijifunza kidogo zaidi pale wazazi hao walipowasaidia mara kwa mara. Pale ambapo hawakuingilia sana, hofu yao haikuonekana kuwadhuru watoto. Anachohitaji mtoto hakidai cheti: saa inayojulikana, mwanga, runinga iliyozimwa, na mtu wa kumwambia, “Hebu nieleze ulivyolipata jibu hili.” Mtoto anayemweleza hesabu mama asiyeijua hulazimika kuipanga tangu mwanzo, na akikwama hujua mwenyewe alipokwama. Maelezo hayo yanaweza kutolewa kwa Kiluo, Kikamba au lugha yoyote ya nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba kazi nyingine hazifanyiki bila mtu mzima: picha za kuchapisha saiba, manila za kununua. Ni kweli, na lawama hapo ni ya aliyeitoa kazi. Mzazi amweleze mwalimu waziwazi. Wengine wanahofia alama. Lakini mwishoni mwa Gredi ya 6 mtoto huketi peke yake mbele ya karatasi ya KPSEA, tathmini ya kitaifa. Basi mzazi, swali likimshinda mwanao leo, liache wazi na uandike kando yake, “Amejaribu, hapa hakuelewa.” Mwalimu atajua pa kuanzia kesho.