Mali Bila Daftari: Majengo ya Shule na Dhamana Zake

Siku ya kukabidhi jengo jipya la shule ni siku ya furaha. Utepe hukatwa, nyimbo huimbwa, hotuba hutolewa, na mkuu wa shule hupokea ufunguo mbele ya wananchi. Kesho yake mafundi huondoka, na aghalabu jengo huhesabiwa kuwa limekwisha. Kumbe kwa macho ya sayansi ya ujenzi, siku hiyo ndiyo mwanzo wa mtihani wake.

Jengo jipya huendelea kubadilika. Saruji hupimwa nguvu yake baada ya siku 28, lakini huendelea kukauka na kusinyaa kwa miezi mingi. Udongo ulio chini ya msingi hushindiliwa na uzito mpya. Mbao za kenchi zilizopigiliwa kabla ya kukauka vema hupinda, na misumari ya bati hulegea. Kasoro za namna hii hazionekani siku ya sherehe. Hufichuliwa na jua, upepo na mvua. Kwa sababu hiyo mikataba ya ujenzi huweka kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni miezi 6 au 12. Katika kipindi hicho mkandarasi hutakiwa kurekebisha kasoro zitokanazo na kazi yake bila malipo mengine. Ili asisahau wajibu huo, sehemu ya fedha yake huzuiliwa, aghalabu asilimia 5 au 10 ya malipo. Nusu ya fedha hiyo hutolewa jengo linapokabidhiwa, na nusu iliyobaki hutolewa kipindi kinapokwisha.

Utaratibu huu ni mzuri, lakini hutegemea jambo moja dogo: kuikumbuka tarehe.

Mfano unaofaa ni Kiboriloni, mashariki mwa mji wa Moshi, kando ya barabara iendayo Himo. Kama ilivyo katika miteremko yote ya kusini ya Kilimanjaro, mvua kubwa ya masika hunyesha huko kati ya Machi na Mei, na vuli hufuata kuanzia Oktoba. Kadiri mtu apandavyo kutoka mjini kuelekea msituni, ndivyo mvua inavyozidi. Ikichukuliwa kwamba darasa limekabidhiwa tarehe 30 Juni, kwa matazamio ya miezi 6, kipindi hicho kitakwisha mwishoni mwa Desemba. Darasa litakuwa limeonja vuli, lakini halijaiona masika hata siku moja. Januari fedha iliyozuiliwa hulipwa. Aprili paa huvuja juu ya vichwa vya wanafunzi, na gharama huiangukia shule. Hapana sheria iliyovunjwa. Ni kalenda tu iliyosahauliwa.

Hata pale matazamio yanapokuwa ya miezi 12, hatari haijaondoka. Mkuu wa shule aliyepokea ufunguo huenda akahamishwa, na aliyemfuata asijue ni kabati gani lenye hati ya makabidhiano. Pampu ya maji ina dhamana yake, tangi lina yake, na mitambo ya umeme wa jua ina kadhaa: paneli huweza kudhaminiwa kwa miaka mingi, ilhali betri hudhaminiwa kwa michache. Kila dhamana ina masharti yake na tarehe yake ya kwisha. Hakuna binadamu awezaye kuyashika yote kichwani. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Hapa ndipo kompyuta inapostahili kazi. Katika nchi nyingine zipo programu maalumu za kufunga miradi ya ujenzi. Huhifadhi orodha ya kasoro, picha, michoro ya jengo kama lilivyojengwa, vitabu vya maelekezo ya mitambo na tarehe za dhamana. Kisha humkumbusha mhusika kabla muda haujapita. Hazikubuniwa kwa anasa. Mwaka 2004 taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilikadiria kwamba upitishaji mbaya wa taarifa za majengo makubwa ulikuwa umeitia nchi hiyo hasara ya dola bilioni 15.8 katika mwaka 2002. Takriban theluthi mbili ya hasara hiyo iliwaangukia wenye majengo na waendeshaji wake, si wajenzi.

Watakuwapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya matajiri, na kwamba shule ya kata haiwezi kununua programu ya namna hiyo. Hoja hiyo ni ya kweli nusu. Programu ya gharama haihitajiki. Lahajedwali la kawaida lenye safu sita latosha: kifaa au sehemu ya jengo, aliyeifanya, tarehe ya makabidhiano, tarehe ya kwisha dhamana, masharti yake, na mahali hati ilipo. Mahali pasipo na kompyuta, daftari la karatasi na kalenda ya ukutani vitafanya kazi ileile, ingawa kwa jasho zaidi.

Wengine watasema kwamba siku hizi majengo mengi ya shule hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe hununua vifaa na kuwaajiri mafundi wa mahali, hivyo hapana mkandarasi wa kudaiwa. Hoja hii ndiyo inayothibitisha haja ya daftari. Pasipo mkandarasi mmoja wa kubeba lawama, dhamana hutawanyika kwa muuza bati, muuza saruji, fundi wa mabomba na fundi wa umeme. Anayeweza kuzikusanya ni shule peke yake. Madarasa 15,000 yaliyojengwa nchini chini ya mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, ulioanza mwaka 2021, yanaonyesha ukubwa wa mali ambayo shule zinapaswa kuilinda.

Tangu Oktoba 2023 ununuzi wa umma umekuwa ukipitia mfumo wa kompyuta uitwao NeST. Haifai zabuni ifunguliwe kwa kompyuta, kisha dhamana ya kazi ileile ilale ndani ya bahasha kabatini.

Yapo, basi, mambo matatu yanayopasa kufanywa. Kwanza, kila mkataba wa jengo la shule uweke kipindi cha matazamio kinachochukua masika nzima. Pili, fedha iliyozuiliwa isitolewe kabla ya ukaguzi ulioandikwa, wenye picha na saini. Tatu, daftari la dhamana liwe mali ya shule na likabidhiwe pamoja na ofisi kila mkuu anapohama.

Wanafunzi wasiachwe nje. Wanaosoma kompyuta waweza kulitengeneza lahajedwali hilo, na wanaosoma fizikia waweza kupima upana wa ufa kila mwezi na kuchora grafu yake. Ufa usioongezeka huenda ni wa lipu tu. Unaoongezeka ni habari ya kupelekwa kwa mhandisi mara moja. Kompyuta haizibi ufa wala haipandi juu ya paa. Itasema tu lile ililoambiwa, na kwa tarehe iliyopewa. Asipokuwapo mtu wa kulitazama jengo mvua inaponyesha, programu bora kuliko zote itabaki daftari tupu.