Nani Kasema Bendera Kwetu ni Pambo?

Nilikuwa na miaka 12, tumekwenda likizo Morogoro, mjomba akaiona bendera niliyoishonea kwenye begi. "Ninyi watoto wa Ulaya," akasema, "hili kwenu ni pambo tu." Alisema kwa upendo. Lakini wengi wanaamini hivyo hadi leo: aliyekulia ughaibuni anaikumbuka bendera siku Taifa Stars wanapocheza, basi. Ninaipinga imani hiyo kwa nguvu zote, maana inamnyang'anya mtoto kitu ambacho amekihangaikia.

Aliyesoma Morogoro alisimama mstarini mbele ya mlingoti, wala hakuna aliyemuuliza ile bendera ni ya nani. Mimi niliulizwa darasani Uingereza, tena si mara moja, nikarudi nyumbani bila jibu. Mama alikuwa anapiga pasi. Akaniambia kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni sisi watu, bluu ni maji, na ile mistari miembamba ya dhahabu ni madini. Akanionyesha pia zilikotoka: dhahabu ilikuwa ya Tanganyika, bluu ya Zanzibar, kijani na nyeusi zilikuwemo kwenye bendera zote mbili. Walipoungana mwaka 1964, hakuna upande ulioambiwa uache rangi yake ndipo upokelewe.

Mjomba angelitafakari hilo. Kitambaa chenyewe kina asili mbili, lakini Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka kijana mwenye uraia wa nchi mbili, akitimiza miaka 18, aukane ule wa kigeni, la sivyo anaupoteza wa Tanzania. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010, na sijasikia kuwa Wakenya wameacha kuipenda bendera yao. Sisi tunamlazimisha kijana kuchagua, naye akibaki na pasipoti ya mahali anaposoma na kula, tunamwambia hana uzalendo. Huo ni uonevu.

Mwaka jana nilikwenda kumzika mjomba. Niliingia kwa viza, kama mgeni. Jioni saa kumi na mbili tulikuwa tunapita karibu na kituo cha polisi filimbi ya kushusha bendera ikalia. Binamu zangu wakasimama, nami nikasimama wima, begi mgongoni, mpaka askari akamaliza kuikunja.