Akili Mnemba na Mita ya Kiwanda

Wapo wanaodhani kwamba kiwanda hakiwezi kuitwa cha kisasa mpaka kitumie akili mnemba iliyo kubwa kupita zote. Mimi siafikiani nao. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mitambo ya mota hutumia asilimia 43 hadi 46 ya umeme wote duniani, tuanzie hapo. Feni ikipunguzwa kasi hadi asilimia 80, nguvu inayohitaji hushuka hadi karibu nusu, kwa maana hufuata kipeo cha tatu cha kasi (0.8 × 0.8 × 0.8 = 0.512). Pampu inayopandisha maji mlimani haina bahati hiyo. Kuamua lini kasi ipunguzwe, au kutambua kwa mtetemo kwamba beringi imeanza kulika, ni kazi iwezwayo na chipu ndogo iliyofungwa kwenye mota, itumiayo sehemu tu ya wati moja. Chipu ya H100 inayoendesha mifumo mikubwa huweza kufikia wati 700, mbali na umeme wa kuipoza. Meneja anayeletewa mfumo wa namna hiyo na amwulize muuzaji: utatumia kiasi gani, utaokoa kiasi gani? Kisha apime mwenyewe kwenye mita, kabla na baada, kwa mwezi mzima wa uzalishaji.