Kijana anaposema haamini

Jumapili saa moja asubuhi, wadogo wameshavaa, mama anatafuta Biblia yake, na kijana wa kidato cha tatu bado amejifunika shuka. Haendi kanisani. Akibanwa, anatamka neno ambalo nyumba hiyo haijawahi kulisikia: haamini. Baba anamkumbusha nani analipa ada. Mama analaumu simu.

Mama mmoja wa Afrika Kaskazini alipitia hayo kabla simu hazijakuwapo. Ni Monika, ambaye jumuiya nyingi za Wakatoliki huitwa kwa jina lake. Mwanawe Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras, Algeria. Wengi wanalifahamu jina lake kupitia chuo kikuu kilichopo Mwanza. Kabla ya kuwa askofu, alikuwa kijana aliyelikimbia kanisa la mama yake.

Katika kitabu chake cha Maungamo, alichoandika akiwa amevuka miaka 40, Augustino anarudi nyuma kutafuta mambo yalianzia wapi. Marafiki wabaya wamo. Lakini mapema zaidi yumo mtoto wa shule aliyemwomba Mungu, kwa moyo wote, asichapwe na walimu. Alichapwa. Na watu wazima wakacheka fimbo zile, hata wazazi wake, ambao hawakumtakia baya lolote. Kwao lilikuwa jambo dogo. Yeye hakulisahau.

Alipofika miaka 19 hivi alifungua Maandiko, akayaona hayana ladha mbele ya Cicero aliyekuwa akimsoma. Wafuasi wa Mani wakamdaka. Waliahidi kueleza kila kitu kwa akili, bila mtu kulazimishwa kuamini kwanza, na walikuwa na maswali ya kejeli: je, Mungu ana nywele na kucha? Augustino hakuwa na jibu. Alikaa nao takribani miaka 9.

Monika aliumia, akamkatalia kula naye meza moja. Kisha akaota ndoto kwamba siku moja mwanawe atasimama pale pale aliposimama yeye. Akamrudisha mezani, ingawa kijana hakuwa amebadilika hata kidogo, na hilo ni gumu kuliko kufukuza. Alimwendea pia askofu mmoja, akamsihi amshinde mwanawe kwa hoja. Askofu alikataa. Yeye mwenyewe alilelewa miongoni mwa watu wa Mani, alijua kijana aliyenogewa na jambo jipya hasikii. Aachwe asome, na mama amwombee. Monika alizidi kulia hadi askofu akachoka naye.

Wakati mwingine alimganda mno. Augustino alipotaka kwenda Roma alimdanganya kwamba anamsindikiza rafiki, akapanda meli usiku huku mama akisali.

Mwaka 384 alifika Milano kufundisha ufasaha. Askofu Ambrosi alimpokea kama baba, na Augustino anakiri kwamba alimpenda kwanza kwa wema wake tu. Kanisani alikwenda kusikiliza ufundi wa kuhubiri. Jumapili baada ya Jumapili akagundua kwamba Kanisa halifundishi Mungu mwenye nywele na kucha. Miaka yote hiyo alikuwa akipigana na kanisa ambalo halipo. Aliona aibu, na akafurahi.

Kwa kijana wa chini ya shuka, basi, kuna swali ambalo ada na simu haziligusi: ni Mungu yupi hasa asiyemwamini? Huenda ni yule anayetajwa nyumbani pale tu mtu anapokosea. Huenda mzazi naye, akiulizwa taratibu, hamwamini huyo.

Augustino alibatizwa Pasaka ya mwaka 387, pamoja na mwanawe Adeodatus, kijana wa miaka 15 hivi. Monika, aliyekuwa amewafuata hadi Milano, alifariki mwaka huo huo huko Ostia, wakijiandaa kurudi Afrika kwa meli. Mjukuu aliangua kilio. Wakubwa wakamnyamazisha.