Ajali Ina Kinga: Maoni Yangu Kuhusu Gari la Kijana

Kila mara mtu anapoangamia barabarani huku kwetu, utawasikia watu matangani wakitikisa vichwa na kusema, "Ajali haina kinga." Mimi, kwa heshima zote kwa wahenga, nimeukataa msemo huo. Nitaeleza sababu zangu, na nitaanzia nyumbani kwetu.

Kaka yangu ana miaka 19. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza kuendesha gari na kupata leseni. Baba naye alikuwa ameweka bonasi ya majani chai ya miaka miwili. Akauza na fahali mmoja, kisha akatangaza kuwa atanunua gari kuukuu ili kaka apeleke maziwa na ndizi sokoni Nkubu, na siku za kufungua shule anilete huku Embu.

Basi nyumba ikageuka bunge! Kaka alitaka gari la chini chini, lenye rimu pana na bomba la moshi linalonguruma kama simba. Mjomba alisema inunuliwe Probox, iende Maua ikabebe miraa, "irudishe pesa kabla ya Krismasi." Baba aliuliza bei tu. Nami, nisiwafiche, nilikuwa nauliza kama lina redio. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaja breki.

Mama ndiye aliyetunyamazisha. Aliweka sufuria chini akasema, "Na yule kijana wa dada yangu, gari lake si lilikuwa la kurudisha pesa?"

Tukanyamaza jii. Binamu yetu alipewa Probox akiwa na miaka 18 tu. Miraa ikikauka haina bei, kwa hivyo dereva hushindana na saa hadi Nairobi. Akirudi, alikuwa akibeba abiria tisa katika gari la watu watano. Mikanda ya nyuma ilikuwa imetolewa kitambo ili magunia yaingie. Tairi zilikuwa kipara. Siku ya mvua gari liliteleza likapinduka. Abiria mmoja alifariki papo hapo, na binamu hadi leo anatembea kwa magongo. Sisemi Probox ni mbaya. Toyota ililitengeneza mwaka wa 2002 liwe gari la kubeba mizigo, na kazi hiyo linaiweza sana. Kosa ni letu tuliomkabidhi mtoto gari lisilo na mikanda, tukamwambia awahi.

Nyote mnaijua barabara yetu ya Meru hadi Embu. Ni mteremko, daraja, kona, mlima, kisha mteremko tena. Pale Nithi, mwezi wa Julai 2022, basi liliacha daraja na kutumbukia bondeni, zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Ikiwa dereva wa miaka mingi anaweza kushindwa pale, je, kijana aliyepata leseni juzi? Mwalimu wetu wa fizikia alitufunza kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimamisha gari kwa breki huongezeka mara nne. Hesabu hiyo haijali kama wewe ni shujaa au mwoga.

Jumamosi moja tulienda kwenye yadi ya magari mjini Meru. Mama alishikilia twende na fundi wetu, akalipwa shilingi 2,000. Mjomba aliguna, eti hizo ni pesa za kutupa. Muuzaji alitupokea kwa tabasamu: "Mzee, gari hii haijawahi kuguswa, ilikuwa ya mwalimu mmoja wa kike." Fundi hakumjibu. Aliinama kwenye tairi akasoma nambari nne zilizoandikwa ubavuni: 1114. Kumbe maana yake ni wiki ya 11 ya mwaka wa 2014! Tairi ilikuwa inang'aa kwa rangi nyeusi, lakini mpira wenyewe ulikuwa mzee na umeanza kupasuka.

Kisha akafungua swichi bila kuwasha injini. Alituambia tuiangalie taa ya mifuko ya hewa, ile inayofura gari linapogonga. Taa hiyo inafaa iwake kidogo halafu izime. Ikikataa kuzima, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeiondoa ili kuficha kwamba mifuko ilishafura na haikurudishwa. Yetu haikuwaka. Fundi akalala chini ya gari, akatoka na kutuonyesha mahali ambapo fremu ilichomelewa. Lile gari "lisilowahi kuguswa" lilikuwa limekatika na kuungwa! Mjomba hakuguna tena.

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu, mimi naonelea hivi. Kwanza, gari la kijana lisiwe na injini kubwa. Elfu moja na mia tano inatosha kabisa kupanda mlima wa Thuchi. Pili, lisiwe dogo kupita kiasi, kwa sababu likikutana na lori, gari jepesi ndilo huumia zaidi. Tatu, kila kiti kiwe na mkanda unaofunga, na watu wasizidi mikanda. Nne, breki ziwe za aina isiyokaza magurudumu, na ikiwezekana gari liwe na mtambo wa kulizuia kuteleza. Ukifungua swichi utaona taa yenye picha ya gari linaloyumba. Tano, usidanganywe na mwaka wa kuingia nchini. Sheria yetu inakataza kuleta gari lililozidi miaka 8, lakini likishafika hapa laweza kuuzwa mara tano hadi lifikishe miaka 20. Uliza lilitengenezwa lini.

Najua wapo watakaosema, "Hayo ni mambo ya matajiri. Mkulima ana pesa za kuchagua?" Hoja hiyo ina uzito, na hata baba aliitoa. Lakini tazameni: ukaguzi wa fundi ni shilingi 2,000, na kusoma nambari ya tairi ni bure. Rimu pana alizotaka kaka zingenunua tairi nne mpya. Na kama pesa hazitoshi kununua gari zima, kuna matatu. Heri kijana asubiri mwaka mmoja akipanda matatu kuliko tukachimba kaburi kwa haraka.

Wengine watasema kila kitu ni mapenzi ya Mungu. Mimi pia ni mcha Mungu. Lakini mwaka wa 2004 Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alipolazimisha matatu ziwe na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, hakuwa anashindana na Mungu. Alikuwa anaweka kinga. Siku hizo abiria alipoingia kwenye matatu aliutafuta mkanda. Mbona tukifika kwenye gari letu wenyewe tunausahau?

Sisi hatukununua lile gari. Tulirudi nyumbani kwa matatu, kaka akiwa amenuna kama mtoto aliyenyimwa andazi. Baba aliongeza akiba hadi Desemba, tukapata jingine la kawaida kabisa, rangi ya kijivu, lisilo na mngurumo wowote. Redio yake ni mbovu. Mama ndiye aliyetoa amri tatu: hakuna safari za usiku mwaka wa kwanza, hakuna abiria wa kubebana, na gari halitoki uani kabla kila mkanda kufungwa.

Majuzi kaka alinileta shuleni. Tulipofika Nithi alipunguza mwendo, lori la nyuma likatupigia honi kwa hasira. Kaka hakujali. Aliniuliza tu, "Umefunga?" Nikamwonyesha mkanda wangu.

Kwa hivyo ndugu msomaji, siku baba yako atakapouliza gari gani linunuliwe, usiwe wa kwanza kutaja redio kama nilivyofanya mimi. Inama uisome tairi. Mwenye macho haambiwi tazama.