Embakasi Ipi? Barua ya Wazi kwa Tume ya Mipaka

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, Nairobi

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Pipeline, Embakasi, kwenye jumba la orofa nane ambalo ukinyoosha mkono dirishani waweza kumwanulia jirani wa ploti ya pili nguo zake.

Zamani Embakasi yote, Dandora hadi uwanja wa ndege, ilikuwa eneo bunge moja. Sensa ya 2009 ilitukuta zaidi ya 900,000. Lamu Mashariki hawakutimia 20,000. Kila upande mbunge mmoja. Na huyo mmoja hatukumpata kirahisi: Mugabe Were, tuliyemchagua Desemba 2007, aliuawa kwa risasi langoni kwake Januari, na Juni 2008 tukapanga foleni tena, safari hii akashinda Ferdinand Waititu.

Machi 2012 waliowatangulia, chini ya Isaack Hassan, wakatukata vipande vitano. Ahsante yao. Lakini majina! Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki, Magharibi. Mtaa wa Umoja ukawa Embakasi Magharibi; hebu muulizeni makanga wa Umoja kama gari lake linaenda Embakasi. Kariobangi Kaskazini iko Embakasi Kaskazini, Kariobangi Kusini iko Embakasi Magharibi. Fomu ya basari ya binti yangu ilirudishwa na ofisi moja kwa kuwa nilijaza "Embakasi" tu.

Basari yenyewe ndiyo inayoniuma. Fungu la NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge unakotoka basari hizo, limekuwa likigawiwa maeneo bunge yote 290 bila kujali kama watu ni wengi au wachache. Kwa sensa ya 2019 wastani ni watu 164,000 kwa kila eneo bunge, na katiba inaruhusu jiji kuzidi kwa asilimia 40, yaani kama 230,000. Nairobi, na maeneo yake 17, wastani wake umepita 258,000. Simwonei gere mtu wa Faza, kule Lamu Mashariki. Maji na umbali wa visiwa vile navyo vinahesabika. Ila mipaka ilipaswa kupitiwa kabla ya Machi 2024, na siku hiyo ilifika tume ikiwa haina kamishna hata mmoja.

Mtakapoanza, Pipeline iitwe Pipeline. Na vikao vya maoni msivifanyie hotelini mjini. Njooni huku saa moja jioni, watu wakisharudi kwa miguu kutoka Viwandani. Mkija saa nne asubuhi mtakuta watoto, na mitungi ya maji iliyopangwa foleni peke yake.

Mkazi wa Pipeline